Umepewa kitengo cha IT na mpaka jana ulikuwa kijana wa databezi: anzia hapa

Asalaam alaykum jamaa. Naandika hichi kitu mara moja nipumzike, maana kila wiki meseji ni zile zile. "Kaka nimeteuliwa mkuu wa kitengo cha TEHAMA, nifanye cheti gani?" "Watu wazima ofisini hawanisikilizi." "Nikasome MBA?" Wengi ni watu wa Unguja na Pemba, ofisi ndogo, wafanyakazi wa IT wawili au watatu, seva moja (kompyuta kuu inayohudumia ofisi nzima) imewekwa kwenye chumba chenye AC inayovuja, na sasa weye ndo mkubwa wao.

Nianze na aibu yangu mwenyewe ili ujue natokea wapi. Miaka ya nyuma nlikuwa mie peke yangu najua databezi, yaani mfumo unaoweka kumbukumbu zote, ya ofisi moja hapa mjini Unguja (siitaji). Nikaenda Wete, Pemba, kwenye harusi, siku ya kurudi nimo ndani ya boti kutoka Mkoani, katikati ya bahari mtandao hamna, kule ofisini diski ya seva ikajaa mfumo ukasimama. Paswedi ya admini naijua mie. Pahala bakapu (nakala za akiba za data) zilipo najua mie. Watu wamekaa wanaandika risiti kwa mkono mpaka nateremka bandarini Malindi, nafungua simu naona missed call 31. Na unajua nilihisi nini? Nilihisi raha. Nikasema ah, bila ya mie hawa hawawezi. Basi ile raha ndo ugonjwa wenyewe, na mwongozo huu wote ni dawa ya ule ugonjwa. Kama ofisi inasimama ukiwa kwenye boti, weye bado si kiongozi, weye ni ufunguo uliopotea.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kauntabuku moja ya kurasa nyingi. Ndio, karatasi. Seva ikifa kauntabuku haifi.
- Kompyuta moja ya zamani yenye diski ya kutosha, itakuwa seva ya majaribio. Hata ile iliyotupwa stoo ikitiwa RAM inatosha.
- Ruhusa ya maandishi ya bosi wako kwamba unaruhusiwa kufanya majaribio ya kurudisha bakapu. Ya maandishi, si ya mdomo kwenye korido.
- Saa 1 kwa wiki iliyofungwa, mtu asikuite kuja kutazama printa. Mie natumia Jumatano asubuhi. Ijumaa usijaribu, ikifika saa 5 watu washaanza kujitayarisha na msikiti.
- Mtu mmoja wa pili. Awe mfanyakazi, awe kijana wa fildi kutoka chuo cha SUZA au Karume, yeyote anaeweza kushika kibodi. Ukiwa huna kabisa, soma kule chini nimeandika.

Cheti hakimo kwenye orodha. Tutafika.

Hatua ya 1: Wiki 2 za mwanzo usibadilishe kitu

Najua mkono unawasha. Umeona jedwali halina indeksi (orodha ya kuharakisha utafutaji), umeona majina ya safu yameandikwa ovyo, unataka uoneshe kwamba umekuja. Tulia. Wiki 2 kazi yako ni kuuliza na kuandika kwenye kauntabuku: mifumo gani ipo, nani anaitumia, ikisimama nani analia wa mwanzo, nani alieinunua, paswedi ziko kwa nani.

Na waulize wakongwe kwa adabu. Mie nlikuta kwenye jedwali la risiti namba zinaruka, kutoka mia nne na kitu mpaka elfu mbili, nikajua hii ni data mbovu nikatayarisha kweri (amri ya databezi) ya kuzipanga upya. Bahati nikapita masjala, nikamwamkia bi mkubwa mmoja pale, shikamoo bi, hebu nambie hizi namba vipi. Akacheka. Akafungua kabati akatoa vitabu viwili vya risiti, kimoja cha buluu kimoja cha kijani, akanionesha kwamba kitabu cha kwanza kiliisha katikati ya mwezi na kile cha pili kilichapishwa kikianzia elfu mbili. Namba zilikuwa sahihi kabisa. Ningeendesha ile kweri yangu, mkaguzi angekuja asipate risiti hata moja inayofanana na karatasi.

Kosa la kawaida hapa: kuwadharau watu wa karatasi. Hao ndo wanajua data inatoka wapi, weye unajua inalala wapi tu.

Hatua ya 2: Toa kilichomo kichwani mwako

Chukua kazi 5 ambazo unazijua weye tu. Kwa kawaida huwa ni: kuwasha seva baada ya umeme kukatika, kurudisha bakapu, kufungua akaunti ya mtumiaji, kutoa ripoti ya mwisho wa mwezi, na kusafisha diski. Kila moja iandikie ukurasa mmoja, hatua moja moja, kama unamwelekeza mgeni kutoka Darajani mpaka kwenu.

Halafu jaribu. Mpe mwenzio ukurasa, mkalishe kwenye kompyuta ya majaribio, weye kaa nyuma yake na FUNGA MDOMO. Hapa ndo pagumu. Kijana wangu wa kwanza alikwama mstari wa 4. Mstari wenyewe nlikuwa nimeandika "ingia kwenye seva kama kawaida". Akageuka akaniuliza, kawaida ipi? Kumbe kawaida yangu mie ni kuingia kwa IP (anwani ya seva kwenye mtandao) ambayo sijaiandika pahala, kwa akaunti ambayo si ile iliyoandikwa juu ya karatasi. Mstari mmoja huo ulitula dakika 20. Kila anapogeuka kukutazama, ukurasa wako una tundu, ziba tundu, usimjibu kwa mdomo.

Paswedi usiziandike kwenye ukurasa huo tafadhali. Ziweke kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa, ndani ya sefu ya mhasibu au ya mkurugenzi, na ikifunguliwa iandikwe nani kafungua na kwa nini. Ukizibadilisha paswedi na bahasha ibadilike. Watu wanasahau hili la mwisho halafu bahasha inakuwa pambo.

Hatua ya 3: Rudisha bakapu, na bosi aone

Hapa ntakaa kidogo maana kama kuna kitu kimoja kitakachokupa heshima ofisini ni hichi.

Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Kampuni ya GitLab, inayowahifadhia mafundi programu zao mtandaoni, watu wakubwa hao, tarehe 31 Januari 2017 fundi wao mmoja usiku kachoka, anatengeneza tatizo la seva mbili za databezi zisizolingana, akafuta folda ya data kwenye seva sio, akafuta ile kuu. Akagutuka akasimamisha amri, lakini kati ya GB 300 hivi zilibaki GB 4.5. Wakenda kutazama bakapu: za kila siku zilikuwa hazifanyiki kwa sababu programu ya kuchukulia bakapu ni toleo la zamani kuliko databezi yenyewe, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani, hakuna aliezipata. Kilichowaokoa ni nakala moja ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa 6 kabla kwa shughuli nyengine kabisa. Data ya muda wa saa 6 ikapotea.

Sasa weye fanya hivi, mara moja kila mwezi:

a) Chukua bakapu ya jana usiku, si ile unayoiamini, ile ya jana.
b) Irudishe kwenye kompyuta ya majaribio. Ukitumia SQL Server (databezi ya Microsoft), ile amri ya VERIFYONLY haitoshi, inakwambia faili linasomeka tu, rudisha kikwelikweli halafu endesha CHECKDB, amri ya kukagua kama data ni nzima. Ukitumia PostgreSQL (databezi nyengine, ya bure) angalia bakapu ilichukuliwa kwa muundo gani, faili la maandishi linarudi kwa zana yake ya psql, mengine kwa ile ya pg_restore. Na matoleo yalingane, umeona yaliyowapata wenzetu.
c) Hesabu safu mlalo za majedwali 3 makubwa, linganisha na seva ya kazi.
d) Andika imechukua dakika ngapi. Namba hii ni dhahabu, ishike.
e) Mwite mtu asiekuwa wa IT, mhasibu kwa mfano, atafute risiti ya juzi kwenye databezi iliyorudishwa. Akiipata asaini kwenye kauntabuku.

Ile e watu wanaiona mchezo. Si mchezo. Saini ya mhasibu siku ya kuomba pesa inafanya kazi kuliko maneno yako 1,000.

Na nakala ziwe 3, kwenye vyombo vya aina 2, moja iwe nje ya jengo. Nimeona hadidiski ya bakapu imewekwa JUU ya seva yenyewe, jamani, paa likivuja masika si vinakwenda vyote? Kama ofisi yenu ina tawi Chake kule Pemba, peleka nakala Chake, lakini ifunge kwa paswedi kabla haijapanda boti.

Hatua ya 4: Jifunze kusema na bosi kwa lugha yake

Bosi wako si mjinga, ila hana kazi na logi zako. Nimeshawahi kusimama mbele ya kikao nikasema mfumo umesimama kwa sababu transakshen logi imejaa maana rikavari ni fulu na bakapu za logi hazichukuliwi. Yote kweli. Wote wakanitazama kama naongea Kichina, pesa sikupata.

Mara ya pili nikasema: "Mkurugenzi, Jumanne tulisimama kwa muda wa saa 2. Kaunta 3 ziliandika kwa mkono na mpaka leo makarani wanaingiza zile risiti. Itajirudia kila diski ikijaa. Kuna njia mbili, moja haina gharama ila nitahitaji kusimamisha mfumo Jumamosi asubuhi, ya pili ni kununua diski. Mie nashauri tuanze na ya kwanza." Dakika 2 kikao kimeisha, ruhusa nimepata.

Mpangilio ni ule ule kila siku: kilichotokea, kilichotugharimu, njia mbili, ushauri wangu. Usilete njia moja tu, bosi atahisi unamlazimisha. Usilete tano, atasema tutazungumza wiki ijayo.

Kuna masuala mawili ambayo lazima bosi ayajibu yeye, si weye. La kwanza: tukipata ajali, tunakubali kupoteza kazi ya muda gani? Dakika 15, siku nzima? La pili: tunakubali kukaa muda gani mpaka turudi? Andika majibu, muombe asaini. Akisema dakika 15, basi bakapu za logi (daftari la kila badiliko kwenye databezi) kila dakika 15, na hiyo ina gharama yake, muoneshe. Akisema hataki kusimama kabisa, mkumbushe Disemba 2009, waya wa umeme wa baharini ulipoharibika na Unguja ikakaa karibu miezi 3 bila umeme, na mwaka 2008 kabla yake karibu mwezi mzima. Yeyote aliekuwepo mjini siku zile bado ana sauti ya jenereta masikioni, huhitaji kumwonesha grafu. UPS (betri inayoshika umeme ukikatika) ya dakika 20 inakupa nafasi ya kuzima seva kwa usalama, basi. Haikupi siku.

Hatua ya 5: Siku mfumo ukianguka

Kabla ya yote gawana kazi. Mmoja anatengeneza, mmoja anaongea na watu. Kiongozi ni yule anaeongea. Najua weye ndo fundi mzuri zaidi, najua kijana anachapa pole pole, usimnyang'anye kibodi. Ukimnyang'anya, hakuna wa kujibu simu, na kijana leo hajajifunza kitu.

Meseji ya kwanza kwenye grupu la ofisi iende ndani ya dakika 10, hata kama hujui tatizo. Mie natumia hii:

"Saa 4:10. Mfumo wa malipo umesimama tokea saa 4:02. Kaunta zitumie vitabu vya mkono. Tunatafuta sababu. Nitaandika tena saa 4:40."

Na saa 4:40 ANDIKA, hata kama hakuna jipya. Watu hawachukii mfumo kusimama kama wanavyochukia kutojua. Usiahidi "dakika 5 tu", hizi dakika 5 za IT zishakuwa utani mji mzima.

Mambo yakitulia, kesho yake (si siku ile, watu wana hasira) kaeni nusu saa: nini kilitokea saa ngapi, tuliona vipi, nini tungeona mapema, nani atafanya nini na lini. Jina la alieboronga lisiwemo kwenye ripoti. Wale GitLab waliiandika ripoti yao ikasomwa na dunia nzima na yule fundi hawakumtaja jina. Siku utakayomfedhehesha mtu mbele za watu ndo siku ya mwisho utakayoambiwa ukweli mapema, kuanzia hapo makosa yatafichwa mpaka yaote mapembe.

Hatua ya 6: Watu wako

Kila wiki mbili, dakika 20 na kila mmoja, peke yenu. Si pale ofisini pa kusikilizana, tokeni mkanywe chai. Masuala 3: nini kinakukwamisha, nini unataka kujifunza, mie nikuondoshee kikwazo gani. Mwanzo watakwambia "kila kitu sawa bosi". Mara ya tatu au ya nne ndo utasikia mambo.

Mfanyakazi aliekuzidi umri anataka maelezo kidogo. Cheo chako hakikuondoshi kumwamkia. Kazi usimtume mbele ya watoto, mfate, "mzee wangu, hili suala mimi naliona hivi, weye unalionaje?" Mara nyingi atakupa jibu bora kuliko lako, na likiwa lake atalifanya. Ila kama hafanyi kazi kabisa, adabu isikufanye ukanyamaza, mwambie, faragha, kwa upole, na siku iandike.

Kijana wa fildi usimfanye wa kununua maandazi. Mpe ukurasa mmoja wa hatua ya 2 aufanyie jaribio, anatafuta matundu vizuri kwa sababu hajui kitu.

Hatua ya 7: Simama useme mbele ya watu

Anza ndogo. Dakika 15 baada ya chai, wafundishe watu wa ofisini jambo moja, mfano namna ya kutambua meseji ya kitapeli inayoomba paswedi. Ukishazoea, omba nafasi chuoni ukazungumze na wanafunzi. Yale makongamano ya SQL Saturday yaliyoenea nchi nyingi yalianza 2007 mjini Orlando, mafundi wa kawaida wanafundishana bure Jumamosi. Hakuna kinachozuia Jumamosi moja watu 10 wakakaa hapa mjini na projekta ya kuazima.

Fanya mazoezi kwa sauti mara 2, jipime kwa simu. Na usisome slaidi, tafadhali.

Hatua ya 8: Sasa cheti

Soma kinachofanana na kazi uliyonayo. Na angalia usiibiwe: Microsoft walishaacha kutoa vyeti vya MCSA na MCSE tokea 31 Januari 2021, lakini bado kuna watu wanauza "kozi ya MCSA ya SQL". Sasa hivi kwa watu wa databezi upande wao kuna mtihani wa DP-300, nao umeegemea mambo ya Azure (seva za Microsoft za kukodi mtandaoni), kwa hiyo kama seva yako imo chumbani na AC inayovuja fikiri kwanza kabla hujalipa. Vitabu vya PostgreSQL viko bure kwenye tovuti yao, vimeandikwa vizuri mno. MBA ikija kheri, lakini hatua ya 1 mpaka 6 kwanza.

Ukikwama

"Kila mtu bado ananipigia mie." Kwa sababu unapokea. Namba ya kitengo iwe moja, mshike kwa zamu. Akikupigia weye, mjibu kwa heshima, "leo zamu ya fulani, nampa namba yako". Itachukua mwezi watu kuzoea.

"Nikitaka kufanya matengenezo kila siku naambiwa si leo." Tazama kalenda kabla ya kuomba. Juni serikalini watu wanafunga mwaka wa fedha tarehe 30, usiguse kitu. Ramadhani jioni usimweke mtu ofisini wakati wa futari. Omba wiki 2 kabla, kwa maandishi, na useme ukishindwa utarudi vipi kwenye hali ya zamani.

"Niliemfundisha kaondoka kaenda Dar kwenye mshahara mkubwa." Mpongeze, na mwombe kabla hajaondoka apitie kurasa zote. Kurasa zikibaki, wa pili atachukua nusu ya muda. Mie washanikimbia watatu na bado tunawasiliana, mmoja ndo ninaemuuliza mambo ya Linux.

"Sina mtu hata mmoja chini yangu." Basi mtu wako wa pili ni mhasibu au karani mwerevu. Usimfundishe databezi, mfundishe vitu viwili: namna ya kuzima na kuwasha seva kwa usalama kwa kufata ukurasa, na nani wa kumpigia. Tafuta na fundi wa ofisi jirani mshikane mkono, lakini kwa barua ya wakubwa wenu, usimpe mtu wa nje paswedi kwa urafiki.

"Nimekosea mie mwenyewe, mbele ya kikao." Sema "nimekosea, ni hapa, nishaanza kurekebisha hivi". Sentensi moja, usijieleze robo saa.

"Jaribio la bakapu limefeli." Vizuri, umejua leo. Usilifiche, chukua bakapu mpya sasa hivi kwa mkono, ihifadhi pengine, halafu ndo utafute kwa nini ile ilifeli. Anza na diski kujaa, kisha akaunti inayochukua bakapu kubadilishiwa paswedi, kisha tofauti ya matoleo.

Mie wiki ijayo nakwenda Pemba siku 4, simu ya ofisi nimemwachia kijana. Masuala tumeni, nikishuka ntajibu.